Ukuta Usiwe na Mlango

9 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zako hizi hapa, zipokee kwa mikono miwili. Mimi mzima, ila magoti. Mama mdogo naye anaendelea. Mguu umepungua uvimbe lakini mdomo haujapungua kitu, jana alinifuata hadi jikoni kuniambia nimekonda. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, fundi seremala wa jirani akaja kuliziba, na kwa vile yeye amefiwa na mke na mimi sina mume, mtaa mzima umeshatuoza bila wenyewe kujua. Kaburi la mzee wetu lilikuwa limeota majani. Nimelipalilia peke yangu. Sisemi kitu.

Naandika kwa sababu simu tuliachana nayo baada ya ule ugomvi wa msiba, na nadhani tulifanya la maana. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza mwenzake.

Sasa jambo lenyewe. Mwenye nyumba mpya ya wageni kule barabarani ameniagiza mifarishi minane ya viraka, ya kutandika vitanda vikubwa. Fikiria, minane, kwa mwanamke aliyezoea kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Tatizo ni kwamba sina pa kuipangia. Nikitandaza viraka sakafuni inabidi nitambae juu yake kama mtoto anayeota meno, na nikiinuka kutazama naona miguu yangu tu. Juzi kuku wa jirani aliingia akavuruga safu tatu, akaniangalia kama mimi ndiye niliyemwingilia kwake. Nakumbuka ulipoanza kazi kwenye hiyo karakana ya mifarishi uliniandikia kwamba mna ukuta wa kupangia, kwamba viraka vinashika bila pini. Wakati ule nilidhani unanitambia. Nieleze unatengenezwaje. Na unieleze taratibu, si kama ulivyokuwa unanisaidia kazi za nyumbani, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Ni mimi dada yako, Bi Mkubwa kama mnavyoniita nisiposikia.


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa kuzunguka, maana kwa sasa siko nyumbani. Nyumba yetu inapakwa rangi na ile harufu inaniumiza kichwa, kwa hiyo nimejibanza kwa rafiki yangu wa kazini. Anwani yake nimeiweka nyuma ya bahasha, niandikie hapo. Shemeji yako hajambo. Mpe pole mama mdogo, na fundi seremala mwambie mimi shemeji yake namsalimu.

Ukuta wa kupangia si kitu cha ajabu. Kitambaa chenye manyoya hushikana na kitambaa kingine, ndiyo siri yote. Tafuta blanketi jepesi la manyoya, la rangi moja, jeupe au la kijivu, lisiwe na ua hata moja, kwa sababu litagombana na viraka vyako. Tafuta plaiwudi nyembamba, ziungwe, zisimame kuanzia sakafuni mpaka karibu na dari. Kati ya mbao na blanketi tandika maboksi yaliyokunjuliwa, ili siku ukihitaji pini ipate pa kuingia. Livute blanketi kama shuka la kitanda cha hospitali, lipinde kwa nyuma, na misumari midogo uipige huko huko nyuma. Likilegea, viraka vitaanguka.

Sasa mahali pa kuusimamisha. Ukuta usiwe na mlango wala dirisha. Dirisha litakutia mwanga machoni, na mlango kila ukifunguliwa upepo utakuangushia kazi. Mbele yake pawe na nafasi ya kurudi nyuma. Ukishapanga, rudi nyuma, fumba macho nusu, tazama giza limekaa wapi na mwanga umekaa wapi. Macho yakiwa wazi sana hudanganywa na maua.

Chumba changu kikoje? Kitanda bado kipo, au umekijaza vitambaa? Nauliza tu.

Mdogo wako.


24 Machi

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mama mdogo amepata fimbo ya kutembelea na sasa ana kitu cha kunyooshea watu. Mvua zimeanza, bati jipya la jikoni linapiga kelele lakini halivuji. Pole kwa kichwa. Hiyo rangi ya nyumba yenu ni ya aina gani, mwezi mzima haijakauka? Au mnapaka na miti ya jirani?

Ukuta umesimama. Fundi seremala aliunga plaiwudi tatu, akazipigilia misumari ya kushiba. Nilimwambia ukuta wangu usicheze, akasema huu hata ng'ombe akiuegemea hautacheza. Blanketi nimepata la kijivu, zito kidogo kuliko ulivyosema. Tulilivuta mimi upande huu na yeye upande ule, mpaka mama mdogo akasema tungevutana hivyo kanisani au msikitini tungekuwa tumeshaoana. Nilipobandika kiraka cha kwanza nikaondoa mkono, kikabaki. Nilisimama nikakitazama kama mjinga. Halafu nikabandika kingine, na kingine, na jioni ile nikauona mfarishi mzima umesimama mbele yangu kabla sijashona hata mshono mmoja. Nimefumba macho nusu kama ulivyosema. Nikagundua giza lote nimelirundika kona moja, nikaligawa. Wallahi, miaka yote hii nimekuwa nikishona kama kipofu. Mifarishi miwili imeshakamilika na sijapiga goti hata mara moja. Kwa hilo nakushukuru, na unajua shukrani kwangu hazitoki ovyo.

Kuna kasoro moja. Upande mmoja wa ukuta kuna kivimbe, blanketi linajitutumua, na kila kiraka nikiweka hapo kinaning'inia halafu kinadondoka. Nimekisugua, nimekipiga kwa kiatu, wapi. Kwenye karakana yenu mnafanyaje?

Dada yako.


12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi ukuta umekubali. Nimemsomea rafiki yangu kile kipande cha ng'ombe, amecheka mpaka kikohozi kikampata. Anakusalimu. Mume wake ni dereva wa malori ya safari ndefu, hayupo mpaka mwisho wa mwezi wa sita, kwa hiyo tuko wanawake watupu hapa, nami nalala sebuleni kwenye kochi. Si pabaya. Kochi ni fupi kuliko mimi, basi.

Kivimbe hakitokani na blanketi. Blanketi likiwa na tatizo hulegea, halivimbi. Kuna kitu nyuma ya mbao kinachosukuma. Niambie kiko upande gani, kiko juu kiasi gani kutoka chini, na ukubwa wake. Nitakwambia la kufanya.

Rangi ya nyumba bado. Dada, nilikuwa nafikiri nije nyumbani nipumzike, mwezi mmoja, miwili. Karakanani wanaweza kunipa likizo. Sihitaji kitu, wala usihangaike na mapishi. Nitolee lile godoro langu juani tu, likung'utwe vumbi. Nitakusaidia hata kushona kingo.

Hukunijibu kuhusu chumba.

Mdogo wako.


9 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nakusalimu tena. Ni matumaini yangu kwamba wewe u mzima, rafiki yako mzima, shemeji mzima na kazi yako inakwenda vizuri. Sisi huku wazima. Mvua nazo nzima. Mama mdogo anakusalimu, fundi seremala anakusalimu, hata yule kuku aliyenivuruga safu angekusalimu kama si jirani kumchinja. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi.

Kivimbe kiko upande wa kulia, usawa wa nyonga yangu, ukubwa wa ngumi. Ila usijisumbue nacho, nimeshazoea. Mahali hapo siweki kitu, naruka tu.

Habari ya kuja kupumzika ni njema, nani atamkataa ndugu yake. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe lenyewe sina muda wa kukukabidhi. Nafanya kazi mpaka shingo inakataa kugeuka. Ingekuwa vizuri uje nikishamaliza oda, tukae kwa nafasi. Na shemeji je, amekubali? Mwanamke hafungi virago tu akaja kupumzika miezi miwili, watu wataanza kuuliza.

Dada yako.


21 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi, niwie radhi.

Nimekaa na barua yako kwenye meza ya ukaguzi wakati wenzangu wamekwenda kula. Nikachukua chaki na kitambaa kibovu, nikachora sebule yetu. Ukuta wa mbele una mlango wa kuingilia. Ukuta wa barabarani una madirisha. Ukuta wa nyuma una njia ya kwenda jikoni. Umebaki mmoja. Kulia, usawa wa nyonga, ukubwa wa ngumi. Hicho ni kitasa, dada. Ni kitasa cha chumba changu.

Mimi ndiye niliyekwambia ukuta usiwe na mlango. Ukautafuta, ukaukosa, ukautengeneza. Na mimi nikawa nakufundisha jinsi ya kupiga misumari, mbele au nyuma, nikakuhimiza ulivute blanketi vizuri. Nimecheka peke yangu hapa mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kwa nini hukuniambia? Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba chumba nimekiziba. Ningeumia siku moja yakaisha.

Basi na mimi niseme langu. Nyumba haipakwi rangi. Shemeji yako ananipiga. Sentensi hiyo nimeiandika na kuichana kwenye karatasi nyingine kabla ya kuileta hapa. Niliondoka na begi moja na mkasi wangu wa kazini, na rafiki yangu hakuniuliza kitu, aliniletea shuka. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema ulishanionya.

Naomba kitu kimoja. Bandua huo ukuta nipate pa kulala. Mume wa rafiki yangu atarudi mwisho wa mwezi ujao, na siwezi kuendelea kujikunja kwenye kochi la watu na mwenye nyumba akiwepo. Kwa mshahara wangu chumba cha kupanga sipati, na hata nikikipata, shemeji yako anajua karakana ilipo. Huko nyumbani anaogopa kufika. Ukisema ndiyo napanda basi siku hiyohiyo.

Nijibu upesi.

Mdogo wako.


6 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Sote wazima.

Habari ya mkono wa shemeji imeniuma. Imeniuma, usidhani nimebeba jiwe kifuani. Lakini na mimi nina mdomo, na leo niutumie.

Unaniuliza kwa nini nilikiziba chumba chako. Wewe chumba hicho ulikitoka miaka tisa iliyopita, ukaacha kitanda kimetandikwa kama mtu aliyekwenda dukani. Ukaniachia mzee. Nilimgeuza kitandani, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko, na kila jioni alikuwa akiuliza Chiriku yuko wapi. Hakuuliza mimi niko wapi, maana nilikuwa palepale, ninamfuta kidevu. Alipokufa ulituma kitambaa kizuri cha kumfunikia na salamu kwamba shemeji hana nafasi ya kukusindikiza. Nilikipokea hicho kitambaa nikiwa na hasira ambayo bado ninayo. Katika nyumba nzima hakuna kitu ambacho nimewahi kuamua mimi. Ukuta huu ndio wa kwanza. Nikiwa mbele yake sisikii mtu akiniita aletewe maji.

Na huyo mwanamume tulikukanya. Mzee alisema, mimi nilisema, hata mama mdogo alisema naye hakosi kusema. Ukatuambia tunakuonea wivu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hata hivyo nakuambia pole.

Sikukatai. Nakuomba usubiri. Mfarishi wa sita uko ukutani sasa hivi, wote, kila kiraka mahali pake, nikiubandua nitaanza upya. Bado miwili baada ya huo. Nyumba ya wageni inafunguliwa mwezi wa nane. Subiri mpaka mwisho wa mwezi wa saba, ndipo nimwite fundi ang'oe mbao. Ungelala hapa sebuleni, lakini sebule ndiyo karakana yangu, na wewe nakujua, hutakaa bila kuhamisha kitu. Rafiki yako amekustahimili hivyo, hatashindwa na siku chache zaidi. Na huenda shemeji naye ameshajirudi. Wanaume wakiachwa peke yao na sufuria hushika adabu.

Tena fundi alitaka kukitoa hicho kitasa ili ukuta ukae sawa. Ni mimi niliyemkataza. Wewe mwenye akili ya kuchora sebule kwa chaki, lifikirie na hilo.

Dada yako.


4 Julai

Chiriku,

Sijapata jibu lako. Nilijua utanuna, nikasema nikupe siku zako za kununa kama zamani. Zimepita. Nikala kiapo kwamba simu sipigi, nikapiga. Haipatikani. Nimepiga asubuhi, mchana, nimepiga kwa simu ya mama mdogo, kwa ya fundi. Yule mwanamke wa simu ananiambia nijaribu tena baadaye, na mimi najaribu, naye anasema yaleyale.

Ukuta nimeuvunja. Sikumngoja fundi, nilichukua nyundo yake ya kung'olea nikaanza na upande wa kulia. Ile misumari ya kushiba niliyojivunia imenitoa malengelenge. Blanketi limechanika katikati. Viraka vya mfarishi wa saba nimevikusanya kwenye gunia, nyekundu na nyeusi na kila kitu, sikuvipanga. Mwenye nyumba ya wageni nimemwambia anisubiri au atafute fundi mwingine. Ametafuta mwingine. Nilidhani nitalia, sikulia.

Mlango wako ulikuwa mgumu, umevimba kwa unyevu wa masika, tumeusukuma mimi na mama mdogo na fimbo yake. Ndani palikuwa na harufu ya vumbi tu. Nimefagia. Nimefua pazia. Godoro limekaa juani siku mbili, nimelipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nimekutandikia.

Niliandika ile barua kwa hasira. Mambo ya mzee niliyosema ni kweli na siyafuti, tutagombana ukifika, tutagombana vizuri tukiwa tumekaa. Lakini la kukuambia usubiri nalifuta. Ni neno la mwanamke aliyekuwa anatazama viraka.

Usijibu barua hii, mdogo wangu. Ukianza kuandika utachelewa. Panda basi uje.

Dada yako.


27 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya njema pamoja na mama mdogo na majirani wote. Mimi ni mzima kabisa. Shemeji yako naye mzima, anakusalimu sana, amekaa hapa karibu yangu ninapoandika.

Nimerudi nyumbani tangu wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Ulisema nisubiri, nikaona kila mtu husubiria kwake. Nilipofika alinifungulia mlango bila kuuliza kitu, akanipokea begi. Kazi ya karakanani nimeacha, shemeji yako ameona inanichosha na vumbi la vitambaa si zuri kwa kifua. Simu yangu iliharibika, hatujaona haraka ya kununua nyingine.

Barua zako tumezisoma pamoja, mwanzo mpaka mwisho. Ile ya mwezi wa sita aliikuta kwenye begi langu, na hii ya juzi rafiki yangu aliileta mwenyewe hapa nyumbani. Shemeji yako alicheka ulivyoandika kuhusu wanaume na sufuria, anasema una maneno. Anasema pia usihangaike na chumba, wewe una kazi zako, na mimi chumba ninacho.

Pole kwa oda ya nyumba ya wageni. Mshukuru mama mdogo kwa kusukuma mlango, mwambie asiutumie sana ule mguu. Mlango mnaweza kuufunga, unyevu usiingie.

Usijisumbue kuja huku. Barabara si nzuri na sisi hatukai sana nyumbani.

Ukiandika tena, juu ya bahasha weka jina la shemeji yako, usiweke langu. Yeye ndiye anayekwenda posta.

Mdogo wako.